Boxer: kwa nini Uingereza ilitoka, kisha ikarudi kununua?

Swali
Wakuu, Uingereza ilishiriki kubuni gari la deraya la Boxer, ikajitoa 2003, halafu ikaagiza tena. Tatizo lilikuwa nini hasa?

Jibu 1
Uzito, mkuu. Walitaka gari jepesi la kupelekwa haraka kwa ndege ya kijeshi ya mizigo, C-130, isiyobeba uzito mkubwa sana. Boxer ina magurudumu 8 na inapita tani 30, kwa hiyo hesabu ilikataa mapema. Ufaransa ilishatoka kwenye mradi 1999 ikajitengenezea gari lake la deraya, VBCI. Uholanzi ikaingia 2001. Wajerumani na Waholanzi wakaagiza 472 Desemba 2006.

Jibu 2
Ongezea muundo wake. Sehemu ya chini ina injini, dereva na magurudumu. Ya nyuma ni moduli, yaani chumba kinachonyanyuliwa na kubadilishwa, iwe ya askari, ambulensi au kamandi. Kubadilisha huchukua chini ya saa moja, lakini lazima uwe na kreni. Wauzaji hupenda kuruka hapo! Faida kubwa naiona karakana: sehemu ya chini ikiharibika, moduli inahamia gari lingine. Gharama yake ni uzito, maana unabeba miundo miwili iliyopandana.

Jibu 3
Walirudi 2018, na Novemba 2019 wakaagiza zaidi ya 500 kwa takriban pauni bilioni 2.3, bila kushindanisha wazabuni. 2022 wakaongeza 100, jumla 623. Wangebaki 2003 wangeyapata mapema zaidi, ila masharti ya ndege yale yasingewaruhusu.

Muuliza swali
Nimeelewa, shukrani. Kumbe kreni nayo iwekwe kwenye bajeti.