Breki za nyuma za dramu baada ya masika

Swali: Ndugu mafundi, pikapu yangu hubeba kahawa na mbolea katika njia za matope huku Mbozi, na kila masika pedali ya breki hushuka, huku gurudumu la nyuma la kushoto likisaga. Breki shuu, vile vipande vinavyobana dramu, ni mpya. Nianzie wapi?

Jibu: Fungua dramu zote mbili, zile ngoma za breki zinazozunguka na gurudumu, si ya kushoto peke yake. Tope likiingia hugandisha kile kijigurudumu chenye meno kinachosogeza shuu kadiri zinavyokwisha, ndiyo maana pedali hushuka ingawa shuu bado ni nene. Osha kwa maji. Vumbi lile usilipulize kwa kompresa, kwani baadhi ya shuu zina asbesto.

Jibu: Ukikuta shuu zimelowa oili nzito yenye harufu kali, hiyo ni ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na sili ya ekseli, mpira unaozuia oili, imeachia. Kabla ya kufunga sili mpya, zibua kipumulio cha difu, yaani tundu lake la kutolea hewa, maana kikizibwa na tope, presha husukuma oili hadi kwenye dramu. Shuu zilizolowa zitupwe. Kuzipiga msasa ni kujidanganya.

Mwuliza swali: Asanteni, wakubwa. Oili ipo kweli, na kipumulio kimejaa udongo mwekundu.

Jibu: Basi pima na dramu pia, kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kwa kawaida kimechapwa juu yake.