Ardhi tupu, familia ya watu watano: kipi kitangulie kabla ya kuhamia?

ShambaJipya

Wakuu, habari zenu. Tumepata ekari nne ambazo hazijawahi kulimwa wala kujengwa. Maji hakuna, umeme hakuna. Ardhi ina mteremko wa wastani, vichaka vingi na miti mikubwa michache, na chini kabisa pana bonde linalotuama maji wakati wa mvua. Tuko watano, watatu wakiwa watoto. Tunataka kuhamia baada ya mwaka mmoja, na fedha ni za kudunduliza. Mwenzangu anataka tuanze na nyumba, mimi naona shamba litangulie. Ninyi mnaojua, kipi kianze? Na kipi kikikosewa mwanzoni huwa kigumu kurekebisha?

FundiGata

Mkuu, si nyumba wala shamba. Anzeni na paa.

Simamisheni banda la wazi la mita 6 kwa 10: nguzo, kenchi na mabati, bila kuta. Litakinga maji, litahifadhi saruji na zana, na baadaye mtalizungushia kuta liwe stoo. Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 38,400. Watu watano kwa lita 20 kila mmoja ni lita 100 kwa siku, kwa hiyo kiangazi cha siku 120 kinataka lita 12,000. Hayo ni ya kunywa, kupika na kuoga kwa kubana. Bustani na mifugo havimo. Wekeni tangi la lita 10,000 na jingine la 5,000. Moja likichafuka au likipasuka, mnabaki na la pili.

Wengi huharibikiwa kwenye msingi wa tangi. Lita 10,000 ni tani 10. Ukiziweka juu ya udongo wa kujazia, upande mmoja utadidimia, tangi litavutika na kupasuka pale bomba linapoungwa. Chimba mpaka ardhi ngumu, shindilia, mwaga zege la sentimita 10 hadi 15 lililo sawa kwa pimamaji, na lipitilize ukingo wa tangi. Jiwe moja lenye ncha likibaki chini ya tangi la plastiki linatosha kulitoboa. Bomba la kutolea maji ya ziada liwe na kipenyo sawa na la kuingizia, na lipeleke maji mbali. Yakiachwa yadondokee hapo hapo yanaufukua msingi, na kwa kuwa yanafukua kwa chini, utashtuka tangi limeshainama.

Gata, yaani mifereji ya ukingo wa paa, ziinamie upande wa tangi sentimita 1 kwa kila mita 1.

Halafu maji ya kwanza ya kila mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yasiingie tangini. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani lita 30 kwa banda hilo. Bomba la inchi 4 linabeba takriban lita 8 kwa mita, hivyo la wima la karibu mita 4, lililoungwa kabla ya tangi, linatosha, au tumia pipa; likijaa, maji safi yanaendelea tangini. Chini yake weka kifuniko cha kufungua kwa mkono chenye kitundu cha milimita 2 hivi, ili lijimwage taratibu kabla ya mvua ifuatayo. Kitundu kikizibwa na majani, bomba linabaki limejaa na uchafu wa mvua ijayo unapita moja kwa moja hadi tangini. Likague kila baada ya mvua. Midomo yote ya tangi ifunikwe kwa wavu wa mbu.

Mama Tifutifu

Naungana na FundiGata kuhusu paa, ila choo kichimbwe wiki hiyo hiyo mafundi wanapoanza kazi. Kisipokuwepo, kila mtu atatafuta kichaka chake na uchafu wote utateremka bondeni.

Shimo liwe angalau mita 30 kutoka mahali popote mtakapochota maji, na upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo ibaki mita 2 juu ya kimo cha maji ya ardhini wakati wa mvua nyingi, ndiyo maana bondeni hapafai kabisa. Shimo la duara la upana wa mita 1 na kina cha mita 3, mkiacha nusu mita ya juu bila kujaa, lina nafasi ya karibu lita 2,000. Mtu mmoja hujaza lita 40 hadi 60 kwa mwaka, hivyo watano mna karibu miaka saba hadi kumi, mradi takataka nyingine zisitupwe humo. Udongo ukiwa wa kichanga, jengea kuta za shimo kwa matofali. Kingo zikimomonyoka, sakafu nzima ya choo inaning'inia hewani na watoto ndio wanaosimama juu yake. Bomba la hewa lipite paa kwa nusu mita na lifungwe wavu juu. Ndani kuwe na giza, ili nzi wa shimoni wafuate mwanga wa bomba na kunaswa kwenye wavu.

Kontua

Kuhusu shamba, msifyeke ekari zote nne, tafadhali. Fyekeni kile tu mtakachopanda msimu huo. Kwa watu wazima wawili wenye majembe, robo ekari ni kazi tosha. Ardhi ya mteremko ikibaki wazi, mvua kubwa chache tu zinaondoka na udongo wa juu, na huo haurudi kwa miaka mingi. Vichaka msivichome: vikatekateni, mtandaze juu ya ardhi.

Kabla ya jembe, pimeni kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, ambayo mitaro itaifuata. Fungeni fito mbili za mita 2 kwa umbo la A, na wa tatu ukizikata katikati, miguu iachane mita 2, kisha ning'inizeni kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisheni miguu juu ya vigingi viwili, wekeni alama kamba inapokata ufito wa kati, geuzeni miguu ibadilishane vigingi, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Msipime siku ya upepo, kamba itawadanganya. Mteremko ukiwa wa asilimia 10, acheni mita 10 hadi 15 kati ya kinga (mtaro na tuta lake) na kinga. Mtaro uwe sentimita 60 kwa 60, udongo utupwe upande wa juu, na majani yapandwe kwenye tuta hilo mapema. Tuta likiwa na sehemu moja iliyolegea au fupi, maji yote yatakusanyika hapo, yatapasua, na mtapata korongo ambalo hamkuwa nalo.

ShambaJipya

Asanteni sana. Na kisima? Tumeambiwa tuchimbe bondeni kwa kuwa maji yako karibu.

FundiGata

Kuwa karibu ndiyo shida yake. Maji ya bondeni hupokea kila kinachoteremka, na kisima kifupi kinaweza kukauka katikati ya kiangazi. Pa kuanzia ni mwisho wa kiangazi: chimbeni shimo la majaribio wakati huo, mpime kina cha maji kwa kamba kila wiki hadi mvua zianze. Mkiridhika, kuta za juu mita 3 zizibwe kwa saruji maji ya juu yasipenye, mdomo uinuliwe, na kuzunguka pawe na sakafu ya zege inayomwaga nje. Maji yapimwe maabara kabla ya kunywewa, na hadi majibu yatoke mchemshe yatokote kabisa kwa dakika moja. Mkiwa kwenye milima ya juu ya mita 2,000, dakika tatu.