Siku tano Iceland: Golden Circle, pwani ya kusini au kuzunguka kisiwa chote?

mtanga_malmö
Habarini wadau. Mimi na wife tunaishi Sweden, mwakani mwezi wa tatu tunataka kwenda Iceland siku tano hivi. Kila tunayemuuliza ana lake, huyu anasema Golden Circle (ule mzunguko wa Þingvellir, Geysir na Gullfoss) inatosha, yule anasema kodi gari uzunguke kisiwa chote. Sisi tunataka maporomoko, barafu, na mwanga wa kaskazini (zile rangi za angani usiku) Mungu akijalia. Bajeti ya kawaida. Tushaurini.

Bi_Nasra
Mwanangu, kuzunguka kisiwa mwezi wa tatu kwa siku tano usithubutu. Barabara namba 1 ina kama kilomita 1,300, kwenye karatasi unaona mbona kidogo, lakini dhoruba ikipiga wanafunga njia na hoteli ya mbele ushailipia. Chukua Golden Circle, asubuhi mnatoka Reykjavik jioni mmerudi. Þingvellir msipite mbiombio, hapo ndipo bunge lao lilipoanzia mwaka 930, na ardhi yenyewe imepasuka, bamba la Amerika Kaskazini linaachana na la Ulaya na Asia nanyi mnatembea humohumo ndani ya ufa. Sisi tunaotoka kwenye Bonde la Ufa tunaijua habari hiyo, ila kwetu bonde ni pana mpaka upande juu ndo uone ng'ambo, kule ukuta uko hapa begani. Halafu Geysir, chemchemi ya maji moto, ingawa anayerusha maji siku hizi ni jirani yake Strokkur, kila baada ya dakika chache. Mkimalizia maporomoko ya Gullfoss mtakuwa mmeshiba.

kipanga_wa_Eldoret
Kwa heshima zote Bi Nasra, hapo kwa kushiba sikubali. Golden Circle ni nzuri lakini imejaa mabasi, na haina ile barafu anayoitaka huyu ndugu. Mpe siku moja hiyo, zilizobaki zote aende kusini. Kwenye maporomoko ya Seljalandsfoss maji yanaanguka kama mita 60 na kuna njia ya kupita nyuma yake (ikiganda wanaifunga, wasilazimishe), mbele kidogo maporomoko mengine, Skógafoss, wanalala kijiji cha Vík, kesho yake wanaendelea mpaka ziwa la barafu la Jökulsárlón. Pale aisee! Mapande ya barafu yanamegeka yanaelea ziwani yanatoka baharini, mawimbi yanayarudisha juu ya mchanga mweusi na unayagusa kwa mkono. Na mwezi wa tatu mapango ya barafu bado yanaingilika ukiwa na mwongoza watalii. Ila kutoka Reykjavik ni zaidi ya kilomita 370 kwenda tu, wanaoenda na kurudi siku moja wanaona kioo cha gari.

Na ufukwe wa Reynisfjara karibu na Vík, msiipe bahari mgongo. Wimbi moja linakuja kubwa ghafla linakupitia. Watu wamekufa pale, fuateni taa za tahadhari.

chidi_polar
Mbona hakuna anayeitetea kaskazini? Kule ziwa Mývatn matope yanachemka, kuna maporomoko ya Dettifoss, nyangumi wa mji wa Húsavík. Kwangu huko ndo kuna utulivu. Sema kweli ni kwa mwezi wa sita, maana mwezi wa tatu njia ya Dettifoss inaweza kuwa imefungwa na theluji. Tatizo mwezi wa sita usiku hauingii giza, mwanga wa kaskazini sahau.

mtanga_malmö
Basi ni kusini, Golden Circle siku ya kwanza. Wife anauliza habari ya mabwawa ya maji moto, ni kweli lazima uoge uchi?

Bi_Nasra
Kweli, kabla ya kuingia unaoga kwa sabuni bila nguo ya kuogelea, wake kwa wake waume kwa waume, ndo usafi wao maana wanaweka klorini kidogo. Baadhi yana vibanda vya faragha, muulize mapokezi asione haya. Na muende mabwawa ya mtaani, bei ndogo kuliko yale ya watalii na ndo mtakutana na wenyeji wenyewe wakipiga stori.

kipanga_wa_Eldoret
Gari mchukue lenye tairi za msumari, lisiteleze kwenye barafu. Kila asubuhi angalieni hali ya hewa na ya barabara kabla hamjatoka, na mkifungua mlango mshike kwa nguvu, upepo wa kule unaupindua na bima nyingi hazilipi. Mwanga wa kaskazini mtautafuta mkilala Vík, mbali na taa za mji, mawingu yakiwa machache.