Tairi la gari ya Mjomba

[07:12] Rehema: Habari za asubuhi wanafamilia. Gari ya Mjomba Saidi tairi la nyuma kushoto limekwisha upepo na Jumatatu bibi ana kliniki. Jumamosi tunabadilisha tairi na breki tunaziangalia hapohapo. Nataka watu wawili wenye nguvu na mmoja mwenye akili. Nani yupo?

[07:40] Rehema: Naona mmesoma watu tisa. Tisa!

[07:58] Juma: mi nguvu ninazo, akili namwachia Kassim 😂

[08:09] Kassim: Dada Rehema kabla hamjagusa jeki, ile gari ni ya beluni za hewa, haina springi za chuma. Ukiinyanyua kienyeji gurudumu likaning'inia, sensa inaona kona ile iko juu mno, kompyuta inafungua valvu inatoa hewa. Sasa ukija kuishusha beluni haina kitu ndani, uzito wote unaikalia, mpira unakunjika unabanwa unapasuka. Na kibaya zaidi inaweza kujisogeza yenyewe mkono wa mtu ukiwa bado kwenye fenda

[08:11] Juma: yani gari ina roho ya shangazi Tatu, ukiigusa tu inanuna

[08:12] Shangazi Tatu: Nimeona Juma.

[08:12] Juma: shikamoo shangazi 🙏

[08:14] Shangazi Tatu: Sijaitikia.

[08:15] Rehema: Jamani tusitoke kwenye mada. Kassim tunafanyaje, andika kwa lugha ya watu

[08:31] Kassim: Gari iwe sehemu tambarare na ngumu, siyo pale mnapoegesha kwenye mchanga. Washa injini, nenda kwenye skrini menyu ya gari utakuta modi ya jeki, gari nyingine wameweka kimchoro tu cha jeki, iwashe mpaka dashibodi ikuambie imekubali, hapo haijisawazishi tena. Zima injini, gia P, vuta hendibreki, watu wote washuke, milango ifungwe, tairi la mbele kulia likabwe kwa jiwe au gogo mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo tairi likiwa bado limegusa chini. Jeki ikae kwenye alama iliyo chini ya ubavu, isikae kwenye mkono wa saspensheni wala karibu na beluni

[08:32] Kassim: Jack kwanza modi baadaye HAPANA. Modi kwanza

[09:26] Salma: Prado ya baba ilikuwa na kitufe cha OFF pale kwenye konsoli, si ndo hichohicho?

[09:30] Kassim: Ndo chenyewe, zile Prado zenye beluni nyuma unabonya OFF kabla ya kupiga jeki. Tesla Model S nayo iko kwenye skrini, ukiendesha ikazidi kilomita 7 kwa saa inajitoa yenyewe. Kila gari na lake, kitabu si kipo humo garini?

[09:33] Juma: si mchomoe tu fyuzi ya kompresa yaishe

[09:35] Kassim: Hayaishi. Kompresa kazi yake kujaza. Valvu zikiwa bado na umeme zinaachia hewa kama kawaida, halafu sasa huna cha kujazia

[10:15] Mjomba Saidi: Kassim nimekusoma. Shida nyingine, nyuma yote imelala, jeki haiingii chini.

[10:18] Kassim: Shikamoo mjomba. Kabla ya modi ya jeki washa injini, funga milango yote, subiri dakika chache iamke. Gari nyingi mlango ukiwa wazi hazipandi. Isipoamka usipeleke mkono chini, isogezwe taratibu tairi lipande kwenye ubao mnene, jeki itapata nafasi

[10:20] Mjomba Saidi: Mlango nilikuwa nimeufungua nachungulia.

[10:21] Rehema: Mjomba naomba ingia ndani ukae 😩

[10:24] Rehema: Haya. Ile jeki kubwa ya magurudumu iko kwa nani? @Issa

[10:37] Rehema: @Issa

[10:38] Salma: Dada usianze ya harusi

[10:38] Rehema: Nani kataja harusi? Nimeulizia jeki.

[10:44] Shangazi Tatu: Jeki ile ya marehemu kaka yangu. Ilitoka hapa nzima pamoja na stendi zake nne. Naishia hapo.

[10:45] Juma: mbili kati ya hizo zinashikilia tenki la maji kwa nani vile 👀

[10:45] Salma: JUMA

[10:47] Rehema: Basi ile ndogo ya kwenye buti itatosha?

[10:48] Kassim: Kwa tairi inatosha. Kwa breki lazima stendi

[10:48] Juma: stendi za nini bana, dakika kumi mi nishaingia chini nishatoka

[11:02] Babu: Juma. Seif naye alisema dakika kumi. Hapa kwangu haingii mtu chini ya gari inayoshikiliwa na jeki tupu. Stendi hakuna, breki ziachwe.

[11:49] Juma: Nimesikia babu. Nisamehe

[11:53] Shangazi Tatu: Ahsante baba.

[12:10] Rehema: Sawa babu. Basi Jumamosi saa mbili asubuhi ni tairi tu, chini haingii mtu. Breki zinasubiri stendi. Kassim unakuja?

[12:40] Kassim: Nina zamu, nafika saa nne. Mkianza bila mimi basi kumbukeni kushusha nako kuna mambo yake, gari itue tairi zote nne chini, jeki itoke, nati zikazwe kwa kukingamana, ndo muwashe injini na kutoa modi ya jeki, halafu muisubiri ipande mpaka kimo chake. Kuiendesha ikiwa imelala ni kuchana beluni

[12:41] Rehema: Saa tatu

[12:41] Kassim: Nne dada

[12:50] Rehema: Wengine? Au kundi hili tuko watano?

[13:30] Salma: 👍

[13:31] Rehema: Hiyo dole gumba ni unakuja au umesoma?

[16:20] Issa: Nimeona saa hizi. Stendi mbili ninazo, za tenki mimi sizijui. Jeki ilikuwa inavuja oili nikaipeleka kwa fundi

[16:20] Rehema: Lini?

[16:22] Issa: kitambo

[16:22] Shangazi Tatu: Kitambo.

[16:25] Issa: Nitamuulizia. Stendi naleta ila Jumamosi sijajua kama nitapata usafiri

[16:26] Rehema: Nakupigia, pokea

[16:41] Mjomba Saidi: Imenyanyuka. Lakini upande wa kulia tu.

[16:42] Kassim: Mjomba zima! Beluni ya kushoto itakuwa inavuja, ukiiacha kompresa inahangaika hivyo itaungua. Napita jioni niangalie kwanza, habari ya Jumamosi tutajua hapo