Vani ya Holden HZ: nitoboe madirisha ubavuni au niache?

Kijana wa HZ
Wakuu, shikamooni. Nipo Melbourne, nimepata vani ya Holden, kampuni ya magari ya Australia, modeli ya HZ ya 1978, injini ni ile V8 ya lita 4.2. Muuzaji anasema ni Sandman halisi, lile toleo maalumu la vijana, kwa sababu jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa nyuma. Nataka irudi miaka ya sabini kabisa: madirisha ya duara ubavuni, zulia la manyoya, mchoro wa bahari. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Na mnieleze, hizi vani zilianzaje? Mbona mbele ni gari la familia tupu?

Fundi Bodi, Geelong
Marahaba, kijana. Nianze na swali la mwisho, maana jibu lake liko hapa hapa mjini kwetu.

Chanzo ni yuti, yaani pikapu ya hapa Australia iliyoumbwa kutokana na gari dogo la familia. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mke wa mkulima wa Gippsland, hapa Victoria, aliwaandikia Ford akiomba gari moja la kuwapeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Benki zilikubali kumkopesha mkulima gari la kazi, la starehe hapana. Kazi akapewa Lewis Bandt, kijana mbunifu wa kiwanda cha Geelong. Pikapu za turubai zilikuwepo tayari. Yeye alichukua kabini ya chuma yenye vioo, akaiunganisha na bodi ya mizigo, ubavu ukawa mmoja mfululizo kuanzia kabini hadi nyuma. Ikatoka 1934. Holden wakaleta yuti yao 1951, na vani haikuchelewa: ni yuti iliyoezekwa nyuma.

Zilikuwa gari za mafundi na wauza mikate. Zikishachoka zinauzwa bei poa, ndipo vijana wa kuteleza mawimbini wakazidaka: ubao unaingia, godoro linaingia. Wazazi wenye mabinti walizichukia kwelikweli! Holden wakaliona soko, 1974 wakatoa Sandman yenye michirizi ya rangi, na geji na usukani wa Monaro GTS, gari lao la michezo. Ford wakajibu na Sundowner, Chrysler na Drifter.

Sasa gari lako. Maandishi ya mlangoni si ushahidi, stika hizo anauziwa yeyote. Soma kibao cha bodi kwenye chumba cha injini, ulinganishe na makaratasi. Kisha fungua mlango wa nyuma, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini, upande wa ndani. Kikitoka na unga wa kahawia, bisibisi itapenya hapo bila kusukumwa sana. Kagua pia chini ya kioo cha mbele, na nyuma ya matao ya magurudumu. Beba sumaku: isiposhika, pale ni bodifila, ile lipu ya kuzibia mashimo, si bati.

Madirisha usitoboe. Ubavu wa HZ ni bati pana lililo karibu kuwa bapa. Siku ukitaka kuziba, joto la kuchomelea litalivuta na kulipinda, na kulinyoosha ni kazi ya kukesha. Ukikuta tayari limetobolewa tangu enzi zile, yaache, hiyo ni historia yake.

Mama Yuti, New South Wales
Fundi kasema kweli. Sisi wa bara hatuna habari na manyoya: ni ngao kubwa ya mbele, taa za kumulika kangaruu usiku, antena ndefu, vizuia tope na stika mpaka kioo kinabaki kipande cha kuchungulia. Njoo Deniliquin kwenye tamasha la yuti, lipo tangu 1999, uone watu walivyozipenda. Yuti ya mwisho ya Ford Falcon ilitoka 2016, ya Holden 2017. Kwa hiyo zilizobaki tuzitunze, tafadhali.

Kijana wa HZ
Asanteni sana. Basi ubavu siugusi. Zulia je? Na nikitaka kuweka kiti cha nyuma?

Fundi Bodi, Geelong
Kiti ni habari nyingine: hapa Victoria utahitaji cheti cha VASS, mpango wa kukagua magari yaliyobadilishwa, kutoka kwa mhandisi anayetambulika, kwa sababu ya mikanda na mahali inapofungwa. Ongea naye kabla hujatoboa tundu hata moja.

Zulia weka, lakini usiligandishe kwa gundi juu ya bati tupu. Watu wawili wakilala humo usiku wa baridi, pumzi yao inageuka maji kwenye paa na kuta, yanateremka hadi sakafuni na kukaa chini ya zulia. Vani nyingi nilizokata sakafu zilioza hivyo, kutoka ndani kwenda nje. Kwangua kutu, piga praima, kisha weka mbao nyembamba zenye nafasi nyuma yake, zulia lishikwe kwenye mbao. Mchoro wa bahari nao upake kwenye mbao hizo. Na vitundu vya kutolea maji chini ya mlango wa nyuma vizibue kwa waya leo leo, kabla ya yote.