María Félix au Dolores del Río: nianze na nani?

Kibanda_Umiza:
Wakuu, heshima mbele. Mimi ni zao la tamthilia za Kimexico, zile zilizotufanya tuoge na kula mapema ili saa yake isitupite. Sasa nimeangukia filamu zao za zamani, nyeusi na nyeupe, za miaka ya 1940, na kila nikitafuta yanarudi majina mawili: María Félix na Dolores del Río. Bando langu la usiku linatosha filamu mbili tu. Nani alikuwa mkali? Nataka hoja, siyo ushabiki wa Simba na Yanga.

Msumari_wa_Moto:
Félix. Funga uzi.

Bibi_Senema:
Wanangu, haraka ya nini? Huyo Dolores mnamjua vizuri kweli?

Alizaliwa Durango mwaka 1904, baba yake mtu wa benki, mapinduzi yakaja yakawafilisi. Mwaka 1925 akaenda Hollywood, enzi filamu hazina sauti, kwa hiyo lafudhi yake haikumkera mtu. Kufikia Ramona ya 1928 alikuwa nyota kamili. Sauti ilipoingia wakaanza kumpa vinyago: mara binti wa kisiwani mwenye maua shingoni, mara mrembo wa Rio. Nyumba nzuri anayo, mume wake wa pili ni Cedric Gibbons, yule anayetajwa kuwa ndiye aliyebuni sanamu ya Oscar. Kazi ya maana ndiyo hana.

Basi akafunga mizigo akarudi kwao. Anakaribia miaka 40, anaanza upya kwa Kihispania. Mwaka 1943 akapiga Flor silvestre na María Candelaria, mfululizo. Hiyo ya pili ikaenda tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1946 ikarudi na tuzo kuu, ingawa tusidanganyane, mwaka ule tuzo hiyo waligawana filamu 11.

Kibanda_Umiza:
Shikamoo Bibi. Hapo umenigusa.

Msumari_wa_Moto:
Marahaba nyingi kwa Bibi, lakini mimi sihami. Félix, mzaliwa wa Álamos, Sonora, 1914. Filamu ya kwanza kabisa anawekwa pamoja na Jorge Negrete, steringi na mwimbaji ambaye nchi nzima inamwimba. Mgeni angetetemeka. Yeye waligombana naye tangu mwanzo mpaka mwisho wa upigaji picha! Miaka kumi baadaye wakaoana, 1952, na mwaka uliofuata Negrete akafariki. Tamthilia gani itafikia hapo?

Mwaka 1943 huohuo akacheza Doña Bárbara, tajiri wa mifugo anayewaendesha wanaume kama ng'ombe wake, na jina La Doña likamganda maisha yote. Filamu 47, na Hollywood hata moja. Alipotaka kutoka nje alikwenda Hispania, Italia, Ufaransa, akacheza na nyota wa Kifaransa Jean Gabin chini ya mwongozaji Jean Renoir. Halafu akafariki tarehe 8 Aprili 2002, siku ya kuzaliwa kwake, anatimiza miaka 88. Hata kifo alikipangia ratiba.

Sukari_Guru:
Mkufu wake wa nyoka, kazi ya masonara wa Cartier wa Paris, umeusahau. Mwaka 1968, almasi 2,473. Naendelea kukaanga mihogo yangu.

Fundi_Taa:
Mimi napiga picha za harusi, kwa hiyo niruhusuni niingilie upande wa kamera. Mnalinganisha watu wawili bila kuwaweka kwenye mwanga mmoja. Mwanga huo upo.

María Candelaria na Enamorada (1946) zote ni za mwongozaji Emilio Fernández, mpiga picha Gabriel Figueroa, na mwanamume ni Pedro Armendáriz kote kuwili. Kinachobadilika ni mwanamke. Tazama sasa. Dolores yuko Xochimilco, kule kwenye mifereji ya Mexico City, kwenye mtumbwi uliojaa maua, anazuiwa na kijiji kizima asiuze. Figueroa anampiga ameinamisha uso, mtandio umefunika kichwa, mawingu mazito juu yake. Kila kitu kinamlemea.

Félix katika Enamorada: usiku, jenerali kaleta waimbaji chini ya dirisha lake. Yeye amelala. Kamera inasogea mpaka kioo kizima ni macho tu, yamefumba. Yanafumbuka. Hasemi neno, wimbo unaendelea, na wewe unaona hasira inavyomtoka kidogo kidogo asivyotaka. Nimejaribu kumwangazia bibi harusi hivyo, akaniuliza kama taa imeharibika.

Na kama mtu anadhani ni kamera tu: mwaka 1950 Fernández alirudia hadithi ya Enamorada kwa Kiingereza, Figueroa yuleyule, Armendáriz yuleyule, wakamweka nyota wa Hollywood, Paulette Goddard. Nani anaikumbuka?

Mwalimu_Zamu:
Fundi umeongea, ila nina kinyongo na zote mbili. Dolores ana miaka 39, binti wa benki, nyusi zimechongwa uzi, eti ni msichana fukara wa wenyeji asilia wa Xochimilco. Na Félix huyo jeuri, anayemrushia jenerali fataki farasi akaruka, mwisho anaacha harusi yake na kumfuata vitani kwa miguu, ameshika tandiko, bwana kakaa juu. Kutembea kando ya miguu miwili ya farasi ndiyo mnaita mapenzi?

Bibi_Senema:
Ya nyusi nakubali, mwalimu. Ila katika María Candelaria mtazame nguruwe mdogo anavyobembelezwa, na Lorenzo Rafael, yule Armendáriz, anavyovunja duka kwa sababu ya kwinini, mchumba ana malaria. Mimi homa hiyo naijua. Nyusi nilizisahau.

Fundi_Taa:
Farasi ana miguu minne, mwalimu.

Msumari_wa_Moto:
🤣🤣

Pwani_Usiku:
Kwa nini asione La Cucaracha ya 1959? Wapo wote wawili.

Fundi_Taa:
Usianzie hapo. Félix kapewa suruali, sigara na bunduki, Dolores kapewa ujane na adabu, wanagombea kanali mmoja, na kanali mwenyewe ni Emilio Fernández. Utamu wake unakuja ukishawajua.

Mwalimu_Zamu:
Hata tuzo haziwatenganishi. Ariel, tuzo kuu za filamu za Mexico, tatu huyu, tatu yule.

Kibanda_Umiza:
Wakuu, nimerudi. Nimefuata njia ya Fundi. María Candelaria nimeimaliza, na yule mwenye duka anayemtaka nguruwe nilimtukana kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Enamorada imefika kwenye wimbo wa dirishani, macho yakafumbuka, bando likakata. Nimekaa na yale macho kwenye simu kama dakika kumi, duara linazunguka katikati ya paji la uso. Mwisho mshanisimulia wenyewe, mwalimu asante sana. Nani anauza bando la usiku saa hizi?

Msumari_wa_Moto:
Nilisema nini mimi kuhusu kufunga uzi?