Mjadala: Fedha za pensheni ziende kwenye viwanda vya funza?

Mfugaji wa Chanika

Wakuu, salaam. Naleta hoja na naomba ijibiwe kwa hoja.

Anayefuga kuku humu anajua kwamba kwenye kila shilingi 100 anayotumia bandani, 60 hadi 70 zinaishia kwenye chakula. Na kwenye chakula chenyewe kinachouma ni protini. Dagaa tunagombania na binadamu wenzetu. Soya, tangu China ifungue soko lake kwa soya yetu mwaka 2020, tunagombania na meli. Mashudu ya alizeti ya Singida yapo, ila yana nyuzinyuzi nyingi, kuku wa nyama ukimjazia hakui kwa wakati.

Huku mabaki ya masoko ya Mabibo, Buguruni na Temeke hapa Dar yanapakiwa kwenye lori kwenda kuozea dampo la Pugu Kinyamwezi. Funza wa BSF (black soldier fly), yule nzi mweusi mrefu asiyeuma, anakula mabaki hayo hayo. Wiki mbili hivi anavunwa, na akikaushwa kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake ni protini. Siyo jambo la kubahatisha, icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, wamelifanyia utafiti miaka mingi.

Swali langu: kwa nini mifuko ya pensheni na Benki ya Maendeleo ya Kilimo wasiweke mtaji kwenye kampuni za protini mbadala kama hizi, badala ya kila siku maghorofa?

Mhasibu Mstaafu

Pensheni yangu isiguswe. Nianzie hapo.

Kijana, umeandika vizuri lakini hujatuambia waliotangulia wameishia wapi. Beyond Meat ya Marekani, wale wa nyama ya mimea, waliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa. Julai ikapita dola 230. Oktoba 2025 hisa hiyo hiyo ilishuka hadi chini ya dola 1. Ynsect ya Ufaransa, hiyo hasa ya wadudu, ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola, fedha za umma zikiwemo, ikajenga kiwanda kikubwa karibu na Amiens. Mwaka 2024 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, mwishoni mwa 2025 ikafungwa. Hao ni watu wenye umeme wa uhakika na mabenki makubwa.

Na kware mmesahau? Watu waliuza vitu vya ndani wakanunua kware, yai likanadiwa kama dawa ya kila ugonjwa, halafu soko likafa na mabanda yakabaki. Mtu alipe michango miaka yote ya kazi, hela yake iende kwa funza? Wadudu ni chakula cha shida. Mwenye uwezo anakula nyama.

Mwana wa Kanyigo

Chakula cha shida?

Mzee wangu, umri wako nauheshimu, lakini hapo umetukosea watu wa Kagera wote. Senene hawaliwi kwa sababu ya njaa. Msimu wa Novemba pale Bukoba kilo ya senene inazidi bei ya kilo ya nyama ya ng'ombe, na watu wanatoa hela bila kulalamika. Mgeni anayeheshimika anawekewa senene. Waliopo Dar wanasubiri mabasi ya Bukoba waulize kama mzigo umeingia. Waganda ng'ambo ya mpaka, kule Masaka, wanawasha taa kali na kupanga mabati usiku kucha ili wawapate. Hiyo ndiyo shida unayoisema?

Naunga Mkono

Mzee kasema ukweli, mmeumia. Hata Wazungu wenyewe wanavikataa hivi vitu. Italia ilipiga marufuku 2023, Florida 2024. Wanatuletea sisi.

Daktari wa Mifugo, Moro

Naunga Mkono, hizo marufuku ni za nyama inayokuzwa maabara kutokana na seli za mnyama, ile ambayo Singapore iliruhusu mwaka 2020. Funza wa kulisha kuku ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki mwaka 2017, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021.

Na kwa mzee Mhasibu, naomba nieleze tofauti moja, maana ndipo hela ilipo. Ulaya sheria hairuhusu kuwalisha funza mabaki ya jikoni wala samadi. Kampuni lazima inunue malighafi ambayo ingeweza kuliwa na ng'ombe moja kwa moja, kama pumba na mabaki ya viwanda vya nafaka. Juu yake kuna gharama ya kupasha joto majengo wakati wa baridi. Innovafeed, Wafaransa pia, walijenga chao mji wa Nesle, ubavuni mwa kiwanda cha wanga ili wapate mabaki na joto kwa jirani. Dar es Salaam joto la funza lipo bure, na mabaki manispaa inalipia yaondolewe. Kwa hiyo hesabu ya Amiens huwezi kuihamishia Chanika bila kubadilisha chochote.

Tahadhari yangu ni kadimiamu, metali yenye sumu. Funza huikusanya mwilini ikiwa kwenye chakula chao, kwa hiyo mabaki ya viwandani yasichanganywe na ya sokoni, na kila mzigo upimwe.

Mhasibu Mstaafu

Sijawatukana Wahaya. Nimefanya kazi Bukoba, nimekula kwao vizuri, na senene nimewekewa mezani. Niliposema shida nilikuwa na maana ya mtu kulazimishwa. Mwana wa Kanyigo, usinipakazie ukabila mbele ya watu.

Binti wa Tanga

Mimi naomba suala la dini lisipitwe. Nzige kwetu ni halali, kwa hadithi ya Mtume ya maiti wawili waliohalalishwa, samaki na nzige. Senene nao ni jamii ya panzi, wengi wanawachukulia hivyo hivyo. Ila funza haliwi, hasa kwa sisi wa madhehebu ya Shafi tuliojaa Pwani.

Mtasema anayekula funza ni kuku. Sawa, lakini kuku aliyelishwa najisi ana hukumu yake: anafungiwa na kulishwa chakula safi, wengi husema siku tatu, ndipo achinjwe. Nairobi kampuni ya Sanergy walikusanya kinyesi cha vyoo vya mitaa ya mabanda ya Mukuru na kufugia funza. Sisemi wamefanya vibaya, mitaa ile ilikuwa haina vyoo vya maana. Nasema anayenunua chakula cha kuku hapa Tanga ana haki ya kusoma kwenye mfuko kwamba funza hao walilelewa kwenye nini. Kampuni isiyotaka kuandika hilo isipewe shilingi ya mtu yeyote.

Mwana wa Kanyigo

Mzee, nimekuelewa, yaishe.

Dada wa Tanga, kwa heshima: senene si panzi huyu wa kurukaruka kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Mtazame papasi zake, zile nyuzi za kichwani, ni ndefu kuliko mwili. Nzige papasi zake fupi. Hawa si ndugu wa karibu kama unavyodhani.

Binti wa Tanga

Kaka, kama si ndugu wa nzige basi umejiharibia mwenyewe, maana uhalali wake nilikuwa nimeuegemeza hapo. Kwetu mdudu ambaye si nzige anahitaji dalili, yaani ushahidi wa dini. Ungeniacha.

Mwana wa Kanyigo

Waislamu wa Bukoba wanakula senene tangu mababu, na masheikh wao wanawaona. Kawaulize hao.

Naunga Mkono

Hahaha uzi wa pensheni umegeuka darasa la senene.

Mchuuzi wa Mwaloni

Nimesoma tangu juu, hakuna aliyetuuliza sisi tunaouza hao dagaa mnaotaka kuwaacha.

Niko Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, asubuhi wanaanikwa. Jua likiwepo wanakauka vizuri na wanakwenda kuliwa, wengine hadi Kongo. Mvua ikinyesha wameanikwa mchangani, mzigo umeharibika: wanageuka rangi, wanashika mchanga, mtu wa kupika hawataki. Anayenunua siku hiyo ni mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ya chini. Bila yeye hata hela ya mafuta ya boti hairudi. Mkishaleta funza wenu wa bei rahisi, mzigo wa masika namuuzia nani?

Mfugaji wa Chanika

Dada wa Mwaloni, nakuelewa, ila hao dagaa wa mchangani ndio wanaotuua sisi. Nalipia kilo, nikichekecha robo ni mchanga. Kuku hawatagi kwa mchanga. Na watoto wa Kanda ya Ziwa wanakosa dagaa wazuri kwa sababu viwanda vya chakula cha mifugo vinachota hadi wazuri. Hilo la mwisho mbona hamlisemi?

Mchuuzi wa Mwaloni

Mchanga siupendi kama wewe usivyoupenda. Chanja za kuanikia zinahitaji mbao na nyavu, hizo zina gharama, na benki haimpi mkopo mwanamke asiye na hati. Hiyo hela ya Benki ya Kilimo mnayoigawa humu, kichanja kimoja kinaokoa dagaa ambao tayari wapo. Ni protini ambayo hata haihitaji kubuniwa.

Daktari wa Mifugo, Moro

Mchuuzi wa Mwaloni amesema jambo zito kuliko sisi wote. Dagaa mkavu safi ana protini ya juu kuliko funza, na ni chakula cha mtu moja kwa moja. Kupunguza upotevu wa masika na kuanzisha funza vinaweza kwenda pamoja.

Mhasibu Mstaafu

Na NovFeed? Hao ni wa hapa hapa, wanatengeneza protini ya chakula cha samaki kwa bakteria wanaolishwa mabaki. Mwaka 2023 walishinda tuzo ya Milken-Motsepe, dola milioni 1. Walipata kwa jasho lao, kwa ushindani, bila kugusa mfuko wa mstaafu. Huo ndio mfano wa kufuata. Aliye na wazo zuri ashindane nalo, mwenye hela yake ya kupoteza aiweke.

Kijana wa Chanika, hilo hujanijibu.

Mfugaji wa Chanika

Mzee, mimi nina wajukuu. "Kijana" umeniita mara mbili, nimevumilia ya kwanza.

Jibu ni hili. Tuzo inaanzisha, haijengi kiwanda. Mtaji wa nje ukija unakuja na masharti ya nje: miaka mitano mwekezaji anataka atoke na faida, kampuni inalazimika kukua haraka kuliko soko lake. Hapo ndipo Ynsect walipovunjikia, walijenga kikubwa kabla ya kidogo kujilipa. Fedha ya pensheni ni ya miaka 20, 30. Inaweza kusubiri. Sisemi iwekwe yote, nasema sehemu ndogo, kwenye kampuni ambayo tayari inauza tani zake kwa wafugaji.

Mpagazi wa Buguruni

Samahani wakubwa. Mnaongelea mabaki ya soko kama vile hayana mwenyewe.

Mimi niko hapo shimoni Buguruni. Maganda, nyanya zilizopondeka, majani ya nje ya kabichi, kuna watu wanazichambua kabla lori halijafika. Wafugaji wa nguruwe wanakuja na mikokoteni yao, wanatupatia chochote kidogo. Kuna akina mama wanaokota ya kuku wao wa nyumbani. Kampuni yenu ikishapata mtaji wa pensheni itakwenda manispaa, itasaini mkataba wa mabaki yote, na kesho yake tutawekewa mgambo getini. Takataka ikishapata thamani, maskini anaitwa mwizi wa takataka.

Mfugaji wa Chanika

Mdogo wangu, hakuna aliyesema mfukuzwe. Kampuni itahitaji watu wa kuchambua, tena kwa mishahara. Funza hawataki plastiki wala mifuko. Mtapata ajira.

Binti wa Tanga

Mpagazi ameuliza la msingi. Na hata kwa hukumu ya usafi, wanaochambua ndio watakaojua kilichoingia kwenye beseni. Walipwe kwa hilo.

Naunga Mkono

Nguruwe tena? Binti wa Tanga, umemsikia?

Binti wa Tanga

Nimemsikia. Nimejibu kuhusu mshahara wake. Wewe tangu umeingia hujaweka hoja hata moja.

Mhasibu Mstaafu

Mzee mwenzangu wa Chanika, samahani kwa kukuita kijana, picha yako imenidanganya. Lakini kwenye mkataba wa taka nakubaliana na huyu wa Buguruni. Nimekagua hesabu za halmashauri. Mkataba wa kipekee ukishasainiwa, bei ya mlangoni inapangwa na mmoja.

Mpagazi wa Buguruni

Ajira ipi, mzee wa Chanika? Ya kusainishwa miezi mitatu mitatu? Funza wenyewe hawahitaji ghorofa. Wanahitaji mabeseni, kivuli, maji kidogo, na mahali pa kukaushia. Tukipewa mkopo wa kikaushio hapo hapo nyuma ya soko, tunachambua sisi, tunafuga sisi, tunakuuzia wewe kwa kilo, na mbolea inayobaki wanachukua wa bustani za mchicha. Kampuni yako ije kununua kwetu kama inavyonunua mashudu Singida. Ukitaka kuamini kwamba tunaweza, njoo shimoni alfajiri kabla ya lori uone nani anajua kila tenga lilitoka gari gani, mimi au huyo mwekezaji.

Mfugaji wa Chanika

Nitakuja. Ila kilo utaniuzia bei gani, na nani anapima?